Simu ya marehemu haifunguki

SWALI: Shangazi, mume wangu kafariki, simu yake ninayo ila namba ya siri sina, picha za watoto zote zimo humo na hela za kikoba ziko kwenye laini yake, nifanyeje? Mama wawili, Mbagala

JIBU: Pole sana mwanangu. Usibahatishe namba, simu itajifunga kabisa. Hela ni za wanachama, waambie mapema, halafu chukua cheti cha kifo RITA, fungua mirathi mahakama ya mwanzo, ile barua ya usimamizi ndo unaenda nayo kampuni ya simu. Picha kama zilikuwa zinapanda Google unaweza kuwaomba kama ndugu wa karibu ila nywila hawatoi. Na wewe ingia setingi za Google leo leo uchague mtu, akaunti ikilala miezi 3 mpaka 18, unavyopanga mwenyewe, anapewa vitu vyako, mi nimemweka dadangu.