Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Wasimamizi wa Jumuiya za Gemu Hawadumu Kazini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkuu wa uendeshaji katika kampuni ndogo ya hapa Dar es Salaam inayotengeneza gemu ya karata ya kuchezwa mtandaoni kwa simu. Wachezaji wetu hukutana katika seva ya Discord, yaani ukumbi wetu wa mazungumzo mtandaoni, na makundi ya WhatsApp, na tumemwajiri mtu mmoja wa kuwahudumia huko: kutangaza matoleo mapya, kupokea malalamiko, kutuliza ugomvi na kuwafungia akaunti wanaokiuka taratibu. Ndani ya miaka 2 tumeshabadilisha watu 4, na wa mwisho alidumu miezi 5, akaaga kwa ujumbe wa simu Jumatatu asubuhi. Kila anayeondoka husema amechoshwa na matusi ya wachezaji. Tulipandisha mshahara mara moja, haikusaidia. Je, tatizo ni vijana wa siku hizi, au kazi yenyewe?
Msomaji, Kijitonyama

JIBU: Ndugu msomaji, matusi yapo na si jambo la kubeza. Mwaka 2023 mahakama moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilimwamuru mchezaji mmoja wa gemu ya Destiny 2 alipe karibu dola 500,000, baada ya Bungie, kampuni inayoitengeneza, kumshtaki kwa kumwandama mfanyakazi wake wa jumuiya, ambaye kosa lake lilikuwa kutangaza kazi ya mbunifu mweusi. Mtu huyo hakuishia kwenye simu na ujumbe wa vitisho. Aliagiza piza ipelekwe usiku nyumbani kwa mfanyakazi, ilipiwe mlangoni, na akaelekeza mlango ugongwe kwa nguvu mara 5 au zaidi, ili mume na mke waliokuwa ndani watambue kwamba wanapoishi panajulikana. Kampuni inayokwenda mahakamani kwa ajili ya mtu wake namna hiyo ni adimu. Lakini Oktoba ya mwaka huohuo Bungie hiyohiyo ilipunguza wafanyakazi wapatao 100, na baadhi ya watu wa jumuiya walikuwemo.

Na hilo halikuwa jipya. Februari 2019 kampuni ya gemu ya Activision Blizzard ilitangaza mapato ya mwaka 2018 yaliyovunja rekodi, na siku hiyohiyo ikatangaza kuondoa takriban asilimia 8 ya wafanyakazi wake, karibu watu 800, wengi wao wakiwa katika shughuli zisizo za kutengeneza gemu zenyewe, kama vile huduma kwa wateja na jumuiya. Anayeishika kazi hii popote anajua kwamba panga likishuka litaanzia kwake, hivyo akipata pengine pa kushika hangoji kuambiwa.

Watu wako, hata hivyo, hawakupunguzwa, waliondoka wenyewe. Wala siamini kwamba ni matusi peke yake yaliyowaondoa. Konda wa daladala hutukanwa kutoka Mbagala hadi Kariakoo, na kesho yake utamkuta palepale mlangoni, kwa sababu chenji anayodaiwa iko mkononi mwake: akitaka kuyamaliza maneno, anairudisha. Msimamizi wa jumuiya hutukanwa kwa chenji iliyo mfukoni mwa mtu mwingine.

Novemba 2017 wachezaji wa gemu ya Star Wars Battlefront II walilalamika kwamba shujaa kama Darth Vader anahitaji saa nyingi mno za kucheza kabla hajafunguliwa, ilhali gemu wameshainunua kwa bei kamili. Jibu lilitolewa kwenye Reddit, mtandao wa mijadala, na akaunti ya timu ya jumuiya ya kampuni ya EA, nalo lilikuwa na maneno ya adabu yaliyopangwa vizuri. Likapigiwa kura za kulipinga zaidi ya 600,000. Muda mfupi baadaye EA ilishusha gharama za mashujaa hao kwa asilimia 75. Bei haipangwi na timu ya jumuiya na haishushwi nayo, lakini kura zile zote zilimiminwa kwenye akaunti yake.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni wa Mei 2024, Sony ilipotangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwa kompyuta watalazimika kuunganisha akaunti za PlayStation Network, huduma ambayo katika nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo, haipatikani rasmi. Maoni mabaya zaidi ya 200,000 yaliandikwa kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, kabla Sony haijabadili uamuzi, siku 3 baadaye. Gemu hiyo imetengenezwa na studio ya Arrowhead ya Stockholm, na mmoja wa wasimamizi wake wa jumuiya alikuwa amewahimiza wachezaji waonyeshe hasira yao kwa maoni hayohayo. Baadaye alieleza hadharani kwamba ameachishwa kazi. Sisemi alifanya sawa, maana mwajiri yeyote angekasirika. Ninachokiona ni mtu aliyewekwa katikati ya uamuzi ambao haukuwa wake wala wa studio yake, na wachezaji ambao walikuwa na haki ya kulalamika.

Niliwahi kuifanya kazi hii kwa mwaka mmoja na nusu, katika kampuni ambayo sina haja ya kuitaja. Jumapili moja, saa 3 kasoro usiku, katikati ya fainali ya mashindano tuliyokuwa tumeyatangaza mwezi mzima, seva ilizimika. Niliandika: "Tunalifahamu tatizo na tunalishughulikia." Baada ya dakika 20 niliyaandika tena maneno yaleyale, mara ya tatu mchezaji mmoja aliniwahi, akayaandika yeye na kuongeza alama ya kucheka. Ukweli ni kwamba sikuwa ninafahamu chochote. Fundi wa zamu hakupatikana kwa sababu zamu haikuwepo, na yule aliyejua alikuwa ameshaandika, katika kundi la mafundi ambalo mimi sikuwemo, kwamba seva itarudi saa 6. Niliyasikia hayo Jumatatu kikaoni, tena kwa kupitiwa juu juu tu. Usiku ule nilitukanwa matusi yasiyoandikika katika gazeti la heshima, na leo sikumbuki hata moja. Kundi lile la mafundi ninalikumbuka.

Kwa hiyo, kabla hujatangaza nafasi hiyo kwa mara ya tano, jiulize huyo wa miezi 5 alikuwa akiingia katika vikao gani. Kama alikuwa akipewa tangazo la toleo jipya saa chache kabla ya kulitoa, basi alikuwa tarishi, na utarishi haumweki kijana mwenye akili. Aitwe wakati bei na mabadiliko yanapojadiliwa, kwa sababu yeye ndiye atakayekuambia kwamba wachezaji wa mikoani hucheza kwa vifurushi vya siku na toleo la megabaiti 300 litawakimbiza. Apewe kiwango cha sarafu za gemu anachoweza kumfidia mchezaji aliyepoteza raundi kwa kosa lenu, bila kuomba ruhusa. Awepo pia mwenzake wa kupokezana, walau kwa siku 2 za wiki, ili apate usiku ambao simu yake imezimwa na dhamiri yake haimsumbui. Mshahara mliopandisha ulikuwa jambo jema, ila haya hayanunuliwi nao.

SWALI: Mimi ni meneja wa jumuiya katika kampuni moja ya gemu hapa nchini. Ninaanza kazi saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku, siku zote 7. Nilipoomba malipo ya ziada niliambiwa kwamba mimi ni meneja, na mameneja hawalipwi saa za ziada. Ninafikiria kuacha kazi. Je, waliyoniambia ni kweli?
Msomaji, Arusha

JIBU: Cheo peke yake hakitoshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawatoa katika masharti ya saa za kazi wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wewe, kwa maelezo yako, unasimamia wachezaji. Kama huna mfanyakazi hata mmoja chini yako, neno "meneja" lililoandikwa katika mkataba wako halikuondolei haki hizo. (Nimeshuhudia neno hilo likitolewa kwa ukarimu mkubwa na kampuni zisizo na fedha.)

Hesabu zako ni saa 56 kwa wiki. Hata ukitoa saa 1 ya mapumziko kila siku, zinabaki 49, wakati saa za kawaida hazipaswi kuzidi 45. Zinazozidi hulipwa si chini ya mara 1.5 ya ujira wa msingi. Saa zinazoanzia saa 2 usiku huhesabiwa kuwa kazi ya usiku na huongezewa angalau asilimia 5 ya ujira wa msingi, hata kama hazijavuka kikomo. Unastahili pia mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Ukikubali kufanya kazi ndani ya muda huo, malipo yake ni mara 2. Andika barua yenye tarehe, ambatisha orodha ya zamu zako, na ubaki na nakala. Wasipokujibu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea migogoro ya aina hii ndani ya siku 60 tangu ilipotokea, na ile ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Nakushauri uandike barua hiyo kabla ya ile ya kuacha kazi.

SWALI: Msimamizi wetu wa jumuiya aliondoka bila kukabidhi, na seva ya Discord imesajiliwa kwa akaunti yake binafsi. Sasa wachezaji 3 wazoefu wamejitolea kuendesha kila kitu bure. Tuwaachie?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Mmiliki wa seva ya Discord huwa ni akaunti moja tu, kwa hiyo mwombeni kwa upole ahamishie umiliki kwa akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya kampuni. Hilo lifanyike sasa, kabla hamjagombana naye kuhusu jambo lingine lolote.

Wa kujitolea wapokeeni kwa mipaka. Mwaka 2000 watu waliokuwa wakiwasaidia wachezaji wa gemu ya Ultima Online kwa kujitolea waliishtaki kampuni ya gemu hiyo wakidai ujira, wakieleza kwamba walipangiwa zamu na kusimamiwa kama waajiriwa. Mkiwapangia zamu na kuwadai taarifa, waajirini.

Kwa atakayekuja, anzeni daftari la makabidhiano: nani amefungiwa akaunti na kwa kosa gani, ni wachezaji gani wa zamani ambao wengine huwasikiliza, na zaidi ya yote, ahadi zilizotolewa ambazo hazijatimizwa. Aliyeahidiwa zawadi ya mashindano ya Februari hajui kwamba aliyemwahidi ameshahama kampuni. Yeye bado anaisubiri.