Laptopu kuchemka ikiwa kwenye doki: anza na skrini, feni baadaye

Kaka wa Nachingwea, nimepitia swali lako pamoja na majibu uliyopewa. Kwa wanaoingia sasa hivi: laptopu yake ya kazini ikitumika peke yake imetulia, ila akiichomeka kwenye doki (kile kisanduku kinachounganisha vifaa vya mezani na laptopu kwa waya mmoja) yenye skrini mbili, kibodi, mausi na waya wa intaneti, haichukui muda feni inanguruma, chini hapashikiki, na kipimo kinasoma nyuzi 95. Akiichomoa, inapoa. Mmoja kamwambia anunue stendi yenye feni, mwingine kasema doki ina shoti, aitupe.

Doki usiitupe. Yenyewe haipeleki joto ndani ya mashine. Inachofanya ni kuirundikia laptopu kazi kadhaa kwa mkupuo: picha za skrini za nje, kuchaji betri, intaneti ya waya, na juu ya yote ruhusa ya kutumia umeme bila kujibana. Tafuta ni ipi kati ya hizo inayoitoa jasho.

Shughuli yangu ni kuhudumia kompyuta za maofisini hapa Mtwara mjini, na kesi kama yako huanza kumiminika Oktoba, msimu wa korosho unapofunguliwa. Wahasibu na makarani wanashinda mezani, mashine haichomolewi kwenye doki, na lile joto la kuelekea kaskazi limeshaanza. Nitakueleza ninavyofanya mwenyewe, mengine nitayagusa tu.

Kabla ya kugusa waya wowote, weka HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, ni ya bure kwa matumizi binafsi, kisha angalia namba mbili kwa pamoja: joto la prosesa na wati inazokula. Wengi wanaangalia joto peke yake na hapo ndipo wanapopotea. Prosesa nyingi za laptopu nyembamba zimepangwa kufanya kazi kwa wati 15 hivi, na huruhusiwa kupanda zaidi ya hapo kwa vipindi vifupi. Sasa ukikuta yako inakula wati 8 na joto liko 90, kazi hakuna ila upoozaji umekufa: vumbi, pesti ya kupitisha joto la prosesa iliyokauka, au feni iliyochoka. Ukikuta inakula wati 30 na joto liko hapo hapo 90, upoozaji unajitahidi, kuna kitu kinaitumikisha. Kwa kuwa yako ikichomolewa inapoa, nashuku hili la pili.

Nyuzi 95 zenyewe zisikupe homa. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100, na zikikaribia hapo zinajipunguza kasi zenyewe. Anayeumia ni betri iliyo jirani, na wewe unayesubiri jedwali la Excel lifunguke.

Haya, iache laptopu kwenye doki lakini chomoa skrini zote mbili. Subiri kama robo saa bila kufanya kitu. Wati zikishuka umeshampata mwenye kesi, na katika mashine ninazoletewa huyu ndiye anayeongoza. Zisiposhuka, rudisha skrini, chomoa waya wa intaneti. Halafu umeme. Kimoja kimoja. Ukichomoa vyote kwa pamoja utajua tu kwamba inapoa, na hilo unalijua tayari.

Skrini huchemsha mashine kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza inatokana na aina ya doki. Kuna doki ambazo picha inatoka kwenye kadi ya picha ya laptopu na kupita moja kwa moja kwenye tundu la USB-C. Kwa prosesa huo ni mzigo mdogo. Halafu kuna doki za teknolojia ya DisplayLink. Hizi, programu iliyo ndani ya laptopu inachukua picha ya skrini, inaibana, inaituma kama data za kawaida za USB, na chipu ya ndani ya doki ndiyo inayoifungua. Uzuri wake, inafanya kazi hata kwenye tundu la USB la kizamani, na inaweza kukupa skrini mbili kwenye mashine iliyozoea kutoa moja. Ila kubana huko kunafanywa na laptopu yako. Ukiwa umefungua barua tu, mzigo hauonekani. Cheza video, au ingia kwenye mkutano wa mtandaoni wenye sura za watu kumi, utaona wati zinavyopaa. Kuitambua ni rahisi: haitoi picha mpaka draiva yake (programu ya kukiendesha kifaa) iwe imewekwa, na ukifungua Task Manager, ile orodha ya Windows ya programu zinazofanya kazi, utakuta michakato yenye majina yanayoanza na DisplayLink.

Ipo ofisi moja Shangani, hapa hapa Mtwara, mhasibu wao alikuwa na doki ya namna hii na skrini mbili. Moja ya kazi, nyingine inaonyesha kamera za ghala kutwa nzima, magunia yanaingia na kutoka, picha haitulii hata kidogo. Tulichokifanya hakikuzidi bei ya waya wa HDMI: skrini ya kamera tukaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, doki ikabaki na skrini ya majedwali. Feni ikanyamaza. Kama laptopu yako ina tundu la HDMI, jaribu hivyo kwanza, haya mengine utayasoma jioni.

Njia ya pili inawahusu wenye laptopu zenye kadi mbili za picha, ile ndogo iliyo ndani ya prosesa na ile kubwa ya NVIDIA au AMD. Bila doki, kubwa inalala, ndogo inafanya kazi za kawaida. Lakini kwenye laptopu nyingi matundu ya nje yameunganishwa na ile kubwa. Ukichomeka skrini tu, hata kama unaandika barua ya likizo, kubwa inaamka na hailali tena mpaka uchomoe. Inakula wati zake, na kwa kuwa mashine nyingi zinapooza chipu zote mbili kwa mabomba yale yale ya shaba, prosesa nayo inapanda joto bila kosa lake. Fungua mipangilio ya skrini kwenye Windows, ingia kwenye ile ya kina, chagua skrini ya nje: imeandikwa imeunganishwa na kadi ipi. Kama ni kubwa, angalia matundu mengine. Zipo laptopu ambazo tundu moja la USB-C liko kwenye kadi ndogo na lingine kwenye kubwa, na kitabu cha mashine kinaeleza. Pia kama skrini moja iko hezi 144 (yaani inachora picha upya mara 144 kwa sekunde) na nyingine 60, ziweke zote 60. Kadi nyingine zikikutana na skrini zenye kasi tofauti hushindwa kutulia hata pasipo kinachotembea.

Sasa la intaneti, ambalo sijaona aliyeligusa, na huku kwetu nakutana nalo sana. Wengi nyumbani tunatumia hotspoti ya simu, na tumeshaielekeza Windows kwamba huo ni mtandao wa kupimwa ili isitumalizie bando. Asubuhi unafika kazini, unachomeka doki: mashine inapata umeme na intaneti isiyopimwa kwa wakati mmoja. Basi masasisho yaliyokuwa yamezuiwa wiki nzima yanaanza kushuka, OneDrive inapandisha mafaili kwenye hifadhi ya mtandaoni, kinga ya virusi inapekua diski. Matengenezo ya Windows yenyewe yamepangwa kusubiri mashine iwe kwenye umeme. Mtu anaona joto limekuja na doki, kumbe limekuja na viporo vya wiki nzima. Kwenye Task Manager panga orodha kwa matumizi ya prosesa. Ukiona walio juu ni wa masasisho au kinga ya virusi, iache mashine imalize, hata ikibidi ibaki inawaka wakati wa chakula cha mchana, kisha upime upya kesho yake. Ukiona mstari wa System interrupts, unaoonyesha vifaa vinavyoikatiza prosesa kazi, umepanda (kawaida uko karibu na sifuri), hapo shuku draiva au kifaa kibovu cha USB. Chomoa kibodi, mausi, flashi, kimoja baada ya kingine, na weka draiva mpya ya mtandao wa doki.

Doki nayo ina programu yake ya ndani inayosasishwa, na wakati mwingine sasisho hilo peke yake linatibu. Lakini iunganishe doki kwenye UPS, lile boksi lenye betri ya akiba, kabla hujaanza. Laptopu ina betri, doki haina. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, huenda isiwake tena.

Kuhusu umeme sitakaa sana. Soma wati zilizoandikwa kwenye chaja ya asili ya laptopu, ulinganishe na wati ambazo doki inaipa laptopu. Siyo zile za adapta ya doki, maana sehemu ya hizo inatumia doki yenyewe na vifaa vilivyochomekwa. Laptopu iliyokuja na chaja ya wati 130 ukiilisha 65, kazi ikizidi betri inasaidia, ikipungua betri inajazwa, na betri inayochajiwa hutoa joto. Kama mashine haiondoki mezani, weka kikomo cha chaji kwenye asilimia 80 iwapo BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka) au programu ya mtengenezaji inakuruhusu. Betri ya lithiamu ikikaa imejaa pomoni kwenye joto inazeeka mapema.

Kwa kazi za ofisi nina mazoea ya kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, kwenye mipangilio ya umeme, upande wa mashine ikiwa imechomekwa. Asilimia moja inaonekana mzaha, lakini kwa prosesa nyingi inazima ile kasi ya ziada ya turbo, joto linashuka, na karani wa majedwali hahisi tofauti. Kwenye mashine kadhaa za siku hizi sehemu hiyo imefichwa; chagua hali ya kuokoa umeme badala yake. Anayehariri video hatafurahi, ila hukusema unahariri video.

Halafu mfuniko. Wengi wakiwa na skrini za nje wanaifunga laptopu kabisa, na hujasema kama nawe unafanya hivyo. Laptopu nyingi zinatolea hewa ya moto kwenye bawaba, na sehemu ya joto hutokea kwenye kibodi, ukiifunga umeziba. Ifungue, au isimamishe wima kwenye stendi yake. Na isikae juu ya doki. Najua meza zetu ni ndogo, lakini doki nayo ina joto lake.

Joto la chumba linajumlishwa karibu nyuzi kwa nyuzi. Chipu inayosoma 80 kwenye chumba cha nyuzi 22, kwa kazi ile ile itasoma karibu 90 kwenye chumba cha nyuzi 32. Kwa hiyo vipimo vya watu wa YouTube walioko kwenye kiyoyozi visikutie presha, Nachingwea ya Novemba unaijua.

Ndugu wa pwani, Mikindani, Lindi mjini hadi Kilwa, nyie mna la ziada. Hewa yenye chumvi na unyevu inafanya vumbi ligande kwenye mapezi ya kupoozea, na kupuliza kwa nje hakutoshi. Ifunguliwe chini, betri ichomolewe kwanza, panga za feni zishikiliwe zisizunguke wakati wa kupuliza, na brashi laini imalizie. Kati ya feni na mapezi nimewahi kutoa vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, na mwenye mashine aliapa kwamba huifuta kila siku. Alikuwa anafuta skrini.

Stendi yenye feni nimeiweka mwisho makusudi. Inasaidia kwa sababu inainua mashine ili hewa ipite chini, na vizibo vinne vya soda kwenye pembe vinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kuinunua kabla hujajaribu kuchomoa skrini, mimi sikushauri. Na ingekuwa shoti, mara nyingi ungeona chaji inakuja na kukata, skrini zinazimika, au ungesikia harufu ya kuungua. Hukutaja hata kimoja.

Ukirudi, tuandikie modeli ya laptopu na ya doki, wati za chaja ya asili, kama unaifunga au unaiacha wazi, na wati za prosesa ikiwa na skrini na ikiwa bila skrini. Hizo mbili za mwisho ndizo ninazozisubiri. Kama wati ziko chini halafu joto bado liko juu, usihangaike na mipangilio; mpelekee fundi aifungue, na umwambie abadilishe pesti akiwa humo humo ndani.