Ni lini umwache rezidenti atibu peke yake?

Umeuliza utajuaje kwamba daktari anayesomea ubingwa, yaani rezidenti, yuko tayari kuachiwa mgonjwa bila msimamizi pembeni, na kama kufaulu mitihani kunatosha. Kwa miaka niliyosimamia marezidenti, nakujibu kwamba hakutoshi. George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, aliliweka wazi jambo hili mwaka 1990 kwa piramidi yake: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha, na kileleni kabisa kutenda kazini mbele ya mgonjwa halisi. Mtihani wa karatasi huishia ngazi mbili za chini.

Niliwahi kukosea mimi mwenyewe. Rezidenti mmoja alikuwa hodari wa kujibu maswali kwenye raundi, nami nikamwamini kwa kila kitu. Siku niliposimama kando yake akiweka bomba la kifuani, lile la kutolea hewa au majimaji, nilimwona akielekeza koleo chini kabisa ya ubavu, mahali inapopita mishipa ya damu na ya fahamu, badala ya kulipitisha juu ya ubavu unaofuata. Nilimshika mkono kabla hajasukuma. Hakuwa mzembe, ila hakuna msimamizi aliyewahi kumtazama akiifanya kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikiwa mmoja wao.

Tangu hapo ninaamua kwa kila kazi peke yake. Olle ten Cate, mtaalamu wa elimu ya udaktari wa Utrecht, Uholanzi, aliyeleta mwaka 2005 wazo la kumkabidhi mwanafunzi shughuli mahususi za kitabibu, ameeleza ngazi 5: kutazama tu, kutenda msimamizi akiwa chumbani, kutenda msimamizi akiwa karibu wa kuitwa, kutenda peke yake, na hatimaye kusimamia wengine. Mtu yuleyule anaweza kuwa ngazi ya 4 katika kumhudumia mgonjwa wa pumu na ya 2 katika bomba la kifuani, wala si aibu. Usimpandishe kwa kumwona mara moja. Waulize wasimamizi wenzako wa zamu nyingine, na wauguzi pia, kwani wao ndio wanaomwona saa tisa usiku.

Ninachokipa uzito kuliko wepesi wa mikono ni kama anaujua mpaka wa uwezo wake. Anayenipigia simu na kusema, "Daktari, mgonjwa huyu simwelewi, naomba uje," ninamwachia kazi mapema kuliko asiyepiga kamwe. Na ukishamtazama, zungumza naye palepale, hata kwa dakika tano, ukitaja ulichokiona, maana fomu inayojazwa mwisho wa mwezi humpa alama bila kumwambia mkono wake ulikosea wapi.