MUULIZE MFAMASIA: Mdogo wangu anataka kunywa ayahuaska

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mimi ni dada mkubwa, wazazi wetu wametangulia. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 26, tangu mchumba wake amuache mwaka jana hakuwa sawa, daktari akamuanzishia fluoksetini, dawa ya sonona, na kweli akaanza kula na kulala. Sasa rafiki yake wa kazini kamjaza maneno kuhusu dawa ya msitu wa Amazoni inaitwa ayahuaska, eti usiku mmoja tu yanaisha yote. Juzi kwenye kabati lake nimekuta kipakti cha unga wa kahawia, kimeandikwa kwa kalamu "aya" basi, hamna tarehe hamna nini. Wanataka wakanywe wikiendi ijayo huko Hombolo. Nikimkataza ananiambia "dada, kwani sisi bibi hakutupeleka kwa mganga?" Nimekosa la kujibu. – Dada Mkubwa, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla sijaongea lolote, wikiendi hiyo asinywe. Na fluoksetini asiache ghafla ili "ajiandae", maana najua rafiki yake atamshauri hivyo hivyo, na hiyo dawa hata ukiiacha leo inaweza kukaa mwilini mpaka wiki tano.

Sababu ni hii. Ayahuaska sio mmea mmoja, kwa kawaida ni miwili. Kuna ule mti wa kutambaa, mnene kama kamba ya meli, na kuna majani ya kichaka wanachokiita chakruna. Majani ndio yana DMT inayoleta maono, lakini ukiyachemsha peke yake ukanywa hupati kitu, tumbo na ini vinaisaga yote kwa kimeng'enya kinaitwa MAO. Kazi ya ile kamba ni kukifunga mdomo kile kimeng'enya, DMT ipite. Wazee wa kule walijua hilo bila maabara, mimi mwenyewe na cheti changu nawavulia kofia. Sasa shida ya mdogo wako iko hapo hapo, kwa sababu MAO ikishafungwa halafu ndani kuna fluoksetini, serotonini, kemikali ya ubongo, inajaa kupita kiasi: anatetemeka, anachemka homa, misuli inakakamaa, moyo unakimbia, anachanganyikiwa, na mtu anaweza kufa. Tramado, ile ya maumivu, hivyo hivyo, na hata dawa zile za kikohozi zenye dekstromethofani ambazo watu wanajinunulia dukani kama pipi. Mwenye presha au moyo, au kwenye ukoo wao kuna skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, asiiguse kabisa.

Halafu hicho kipakti. Kule kwa Washipibo, mto Ucayali nchini Peru, ile kamba inapondwa kwa rungu, inapangwa na majani kwenye sufuria tabaka kwa tabaka, inachemka masaa na masaa mpaka inabaki uji mweusi mchungu. Unga wa kahawia unaweza ukawa chochote, kuna wanaochanganya hadi toe, ua fulani la tarumbeta ambalo ni sumu hasa, mtu anaweweseka siku nzima. Na DMT iko kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, kwahiyo hapo kuna na polisi pia.

Sasa hilo la bibi na mganga, nalipenda kwa kweli maana kijana kauliza vizuri. Mwambie hivi: zamani, sehemu nyingi za Amazoni, aliyekunywa alikuwa mganga mwenyewe, ili auone ugonjwa, mgonjwa kakaa pembeni tu, kama kwetu anayepiga ramli sio mgonjwa. Hata leo wagonjwa wanapokunywa, anayeongoza kasomea miaka, kafunga chumvi, sukari, nguruwe na mambo ya kitandani, usiku kucha anawaimbia zile nyimbo zao za ikaro na kuwapulizia moshi wa tumbaku, mtu anatapika ndoo iko pembeni na kuna anayemwangalia. Peru waliitangaza urithi wa taifa mwaka 2008 pamoja na huo utaratibu wote. Hombolo nani ataimba? Rafiki wa kazini?

Na asije akakuambia nimeficha, utafiti upo, Brazili waliijaribu kwa wagonjwa 29 wa sonona iliyogoma dawa, wengine wakapewa ayahuaska wengine dawa ya uongo, ukachapishwa 2019, na waliokunywa walipata nafuu kuliko waliopewa dawa ya uongo. Ila ilikuwa hospitali, na dawa zao walikuwa wameachishwa kwanza na madaktari. Kama anaona fluoksetini haimtoshi basi arudi kwa daktari wake aseme hivyo hivyo, au hospitali ya akili ya Mirembe ipo hapa hapa Dodoma mjini, aende, na wewe umsindikize.

SWALI: Mzee, hii si ndio kama kikombe cha Babu wa Loliondo? – Kijana wa Makole

JIBU: Hapana. Babu pale Samunge mwaka 2011 alichemsha mizizi ya mugariga, kikombe shilingi 500, unakunywa unapanda gari unarudi zako, hamna maono. Kinachofanana ni kimoja: watu waliacha dozi zao wakijua wamepona. Mimi nilipokea dukani mama mmoja wa sukari kaacha vidonge wiki tatu baada ya safari ile, mguu tayari una kidonda. Aliniomba panado.

SWALI: Naweza kuiotesha Veyula nifanye biashara? – Mkulima

JIBU: Biashara hiyo jela, ndugu. Na hata ingeruhusiwa, mmea wa msitu wa mvua huo, Iquitos mvua inazidi milimita 2,500 kwa mwaka, sisi hapa 600 tukipata tunashukuru. Cha kutambaa kinachoukubali udongo wetu ni zabibu, miche naweza kukuelekeza pa kuipata.