Maswali ya Dizeli: Moshi mweusi baada ya mlima Kitonga

Barua za safari hii zinahusu injini zinazotoka Dar es Salaam kwenda kufanya kazi nyanda za juu. Tumeipa nafasi kubwa ya Fuso, kwa sababu hilo ni kosa tunaloliona likiua injini nzima.

SWALI: Habari za kazi mafundi. Nina Fuso isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa ya ziada kwenye injini), silinda 4, lita 4, pampu ya kizamani isiyo na umeme. Inabeba viazi kutoka Njombe kuja Mabibo. Dar hadi Morogoro iko vizuri. Ikishapita Iringa inatoa moshi mweusi na kilimani inalegea. Fundi mmoja wa Gerezani anasema dizeli ni nyingi, apunguze. Mwingine anasema dizeli haitoshi ndiyo maana haina nguvu, aongeze. Nimsikilize nani? *Msomaji, Mbagala*

JIBU: Ndugu yetu wa Mbagala, usimruhusu mtu yeyote aongeze dizeli. Yule wa kupunguza yuko karibu na ukweli, ila naye asiguse pampu kwanza.

Pampu hiyo inapima mafuta kwa ujazo tu. Ukikanyaga hadi mwisho inapeleka kiasi kile kile, iwe Mbagala au Njombe mjini. Kinachobadilika ni hewa. Dar, usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 101 hivi. Njombe, karibu mita 1,900 juu, umeshuka hadi kama 80. Baridi ya kule inasaidia kidogo kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, lakini ukilinganisha Dar yenye nyuzi 30 na Njombe yenye nyuzi 15, kila silinda inapata hewa pungufu kwa asilimia 16 hivi.

Tuiweke kwa lugha ya benchi ya pampu, mashine ya kupimia mafuta yanayotoka kwenye pampu. Silinda ya lita 1 ikivuta vizuri Dar inapata kama gramu 1 ya hewa. Injini ya dizeli huanza kutoa moshi mweusi pale uzito wa hewa unaposhuka chini ya mara 18 hadi 20 ya uzito wa mafuta. Tukichukua 19, silinda hiyo inastahili miligramu 52 za dizeli, yaani karibu cc 62 kwa mipigo 1,000 kwenye vioo vya benchi. Njombe imepata gramu 0.84 za hewa, kwa hiyo inastahili cc 52 tu. Pampu bado inamwaga 62. Hizo 10 za juu hazipati hewa ya kuungulia sawasawa, na masizi unayoyaona ndiyo ushahidi. Namba hizi ni za mfano. Kiwango cha pampu yako kimo kwenye jedwali lake la upimaji.

Sasa fikiria mtu akizifanya 70. Nguvu haiongezeki, kwa sababu kilichopungua ni hewa. Kinachoongezeka ni joto la eksozi. Tena kuna jambo ambalo halionekani kwa nje: hewa ikiwa nyepesi, dizeli inachelewa kidogo kushika moto, na mnyunyizo wa nozeli (ncha inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda) unasafiri mbali zaidi kabla haujasambaa. Unagonga ukuta wa pistoni, mwingine unafika kwenye silinda, unaosha oili, kisha unateremkia chini. Vuta kijiti cha oili baada ya safari: kiwango kikipanda badala ya kushuka, na oili ikawa nyepesi kati ya vidole na kunuka dizeli, mwage hiyo oili kabla hujasafiri tena. Beringi za kranki hazivumilii oili ya namna hiyo.

Kazi ya kufanya ni hii. Anza na filta ya hewa, maana vumbi ambalo Dar ulilivumilia, Njombe linaondoa hewa juu ya hewa iliyokwisha kupungua. Kisha toa nozeli zote 4 zipimwe. Injini zinazonyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni, nozeli nyingi hufunguka kati ya baa 180 na 250. Zile zenye chemba pembeni, kati ya 100 na 150. Springi ikichoka, nozeli inafunguka mapema na kutoa matone badala ya ukungu. Mwambie fundi ashikilie presha baa 20 chini ya ile ya kufungukia kwa sekunde 10: ncha inatakiwa ibaki bila tone. Nyote mkae mbali na ule mnyunyizo, unapenya ngozi. Aliyepigwa mkononi apelekwe hospitali saa ile ile hata kama tundu ni dogo kama la sindano na haliumi. Wakati wa kurudisha, weka washa za shaba mpya chini ya kila nozeli.

Ukimaliza hayo, moshi utakaobaki ni ule wa mwinuko wenyewe, na dawa yake ni mguu. Dereva ashushe gia mapema, mizunguko ikiwa bado juu, kisha alegeze pedali hadi moshi ukate. Kwa lori linaloshinda Dar na kupanda mara moja moja, sisi tungeiacha pampu kwenye kiwango cha kiwandani. Lori likihamia Njombe kabisa, hapo peleka pampu kwenye benchi ipunguzwe asilimia 8 hadi 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Isipunguzwe kwa bisibisi barabarani. Kwenye pampu za duara, zile zenye kichwa kimoja kinachogawa mafuta, skrubu ya mzigo kamili inavuta na mizunguko ya chini pia. Ukiigusa bila kupima, gari litazima kwenye foleni ya kwanza ya Ubungo.

Baadhi ya pampu za duara zina kofia juu yenye kopo dogo la bati lililofungwa na kunyonywa hewa. Hewa ya nje ikipungua kopo linavimba, linasukuma pini, pini inazuia mafuta yasifike mwisho. Ni kifaa kizuri mno. Tunasikitika kukuta pampu nyingi za mitumba kimetolewa na tundu kuzibwa kwa bolti. Kama yako ilikuwa nacho, kitafute.

SWALI: Nina semi trela. Kitonga, tenki likiwa nusu na mzigo umejaa, injini inakatakata kama inaishiwa mafuta. Nikisimama dakika 10 inaondoka vizuri, mbele kidogo inarudia. Filta ni mpya. Utingo wangu anasema dizeli inachemka huko juu. *Msomaji, Kurasini*

JIBU: Dizeli haichemki kwa kupanda Kitonga. Inahitaji joto la nyuzi zaidi ya 150 kuanza kuchemka, na kwenye mwinuko huo haishuki sana. Lako ni tatizo la kuvuta, na dalili ya dakika 10 imetuonesha pa kuanzia.

Tunasema fidi pampu, ile inayoleta dizeli kutoka tenki, inavuta dizeli, lakini hasa inatengeneza upungufu, kisha hewa ya nje ndiyo inayosukuma dizeli kutoka tenki hadi kwake. Mafundi wengi hawalifikirii hilo, na ndipo mwinuko unapoingia. Kila mita 1 ya kupandisha dizeli inakula kilopaskali 8. Filta safi inakula zake, filta chafu zaidi. Injini nyingi za malori huwekewa ukomo wa upungufu wa takribani kilopaskali 13 filta ikiwa safi na 27 ikiwa chafu. Bandarini una hewa ya 101 ya kusukuma. Kileleni mwa mlima ule umeshapoteza kama 15. Mpira uliobonyea ambao Dar haukusumbui, kule unakuwa kizuizi, tena wakati injini inadai mafuta mengi kuliko sehemu yoyote ya safari. Halafu hewa iliyoyeyuka ndani ya dizeli hutoka kama mapovu upungufu ukizidi. Mapovu hayo pengine ndiyo utingo ameyaita kuchemka.

Gari linalopona likisimama mara nyingi lina uchafu kwenye mdomo wa bomba la kuvutia ndani ya tenki. Mvuto unaubandika kwenye wavu. Injini ikizima unaanguka chini. Fungua bomba hilo, litoe lote, angalia wavu. Tumekuta vipande vya nailoni, mabaki ya silikoni, na utando laini mweusi unaoota pale dizeli inapokutana na maji. Mwaga maji ya chini ya tenki, na ukiona utando huo, tenki lishushwe lioshwe. Bomba lenyewe likaguliwe kama halina ufa juu: tenki likijaa ufa unazama kwenye dizeli, likiwa nusu unavuta hewa.

Kisha funga kipande cha mpira unaoonesha ndani kati ya filta na pampu ya dizeli, washa, mtu akanyage, wewe tazama. Povu moja moja mwanzoni si neno. Mstari wa mapovu usiokatika maana yake kuna hewa inaingia upande wa kuvuta, na huko hutaona dizeli ikivuja nje, kwa sababu hewa ndiyo inayoingia. Kagua klampu, washa za viungio, kikombe cha maji na mpira wa pampu ya mkono. Ukimaliza toa hewa: legeza bolti ya juu ya filta, piga pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu, kaza huku bado unapiga.

Na mfuniko wa tenki. Kipumulio chake kikiziba, lori linaloteremka linasafiri na hewa nyepesi ya mlimani ndani ya tenki hadi Chalinze, na kila lita inayotumika inaipunguza zaidi. Ukifungua mfuniko ukasikia mvuto wa pumzi kuingia ndani, umeshapata jibu.

SWALI: Nanunua jenereta ya kVA 20 Kariakoo kwa ajili ya mradi wa maziwa Kitulo. Haina tabo. Itatosha? Mzigo ni kVA 17. *Msomaji, Tabata*

JIBU: Haitatosha. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Kwa injini isiyo na tabo, hesabu ya haraka ni kupoteza asilimia 1 kwa kila mita 100, kwa hiyo utabaki na kama kVA 15. Ukiipa mzigo wa 17, gavana (kidhibiti cha mizunguko) itafungua dizeli hadi mwisho kutafuta mizunguko 1,500 isiyoipata. Taa zitafifia, moshi utakuwa mweusi kutwa, na nozeli zitajaa kaboni. Mota za kupoozea maziwa zinadai umeme mwingi zaidi zinapoanza. Chukua kVA 30, au ya 25 yenye tabo baada ya kusoma kwenye kitabu chake inaanza kupungua mita ngapi. Mwombe muuzaji mafuta ya mzigo kamili yapangwe kwa mwinuko huo kabla hajakukabidhi. Asubuhi za baridi kule, moshi mweupe wa dakika moja mbili ni wa kawaida. Ukiendelea injini ikishapata moto, rudi kwenye nozeli.

SWALI: Pikapu yangu ni ya komon reli, ile ya nozeli zote kulishwa na bomba moja la presha kubwa linaloongozwa na kompyuta. Nikiwa Mbeya inapungua nguvu lakini haitoi moshi. Fundi anataka kufungua pampu. *Msomaji, Kimara*

JIBU: Asifungue. Kompyuta ya injini ina sensa inayosoma mgandamizo wa hewa ya nje, nayo inapunguza dizeli yenyewe na kuilinda tabo isizunguke kupita kiasi. Upungufu usio na moshi wala taa ya injini ni mfumo unaofanya kazi yake. Taa ikiwaka na mashine ya kusomea ikionesha presha ya reli iko chini ya inayotakiwa, badilisha filta ya dizeli kwanza, mwaga maji, kisha ndipo ipimwe valvu inayodhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu. Usilegeze nati ya nozeli kutoa hewa kama kwenye magari ya zamani: mle ndani presha inapita baa 1,000. Na waosha magari wasipige maji ya presha kwenye boksi la kompyuta, wala fundi asizibe kwa silikoni kitundu chake cha kupumulia. Mara nyingi sensa hiyo iko humo humo ndani.