Halmashauri inahusika na malezi ya watoto wadogo, tena sana

Mleta mada umesema malezi ni kazi ya baba na mama, asiyeweza atafute dada wa kazi au ampeleke mtoto kwa bibi yake, halmashauri iachwe ijenge barabara na madarasa. Mimi naendesha kituo cha kulelea watoto mchana hapa Dar, kwenye mtaa wa wapangaji, kwa hiyo naomba nikujibu kwa ninayoyaona kazini.

Wanaoniletea watoto wengi wao ni wauza mboga, mama lishe na wasusi. Bibi yuko Masasi au Kondoa. Dada wa kazi anataka mshahara, chakula na pa kulala, wakati mama mwenyewe kapanga chumba kimoja. Muuza mboga asipofika sokoni alfajiri mzigo mzuri wa shamba umeshaondoka. Sasa mtoto wa mwaka na nusu anabaki na nani? Mara nyingi na ndugu yake ambaye naye ni mtoto, na siku hiyo shule haendi. Nimeshapokea mtoto mwenye mapaja yaliyoungua kwa uji wa moto. Aliyekuwa anampikia ni kaka yake wa darasa la pili. Huyo mama humwambii lolote kuhusu wajibu wa mzazi. Wajibu wake alikuwa anautimiza sokoni, maana bila hivyo jioni hakuna chakula.

Aliyeajiriwa rasmi ana likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama mwenye kizimba cha biashara sokoni hana hata siku moja. Elimu ya awali shuleni inampokea mtoto akikaribia miaka mitano. Kati ya hapo na siku mama anaporudi kazini, serikali tunaiona kliniki, kwenye kupima uzito na chanjo, basi.

Na sheria haijakaa kimya. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto kwenye eneo lake. Wenzetu Kenya wamekwenda mbali zaidi: Katiba yao ya 2010, Jedwali la Nne, imevitaja vituo vya kulea watoto kuwa kazi ya kaunti. Sisemi kila kaunti imejenga. Ila mwananchi wa kule akitaka kuuliza, anajua mlango wa kugonga.

Kwetu halmashauri huja kama mkaguzi. Afisa ustawi wa jamii akija anaangalia vyoo, uzio, jiko liko mbali kiasi gani na wanapolala watoto, magodoro, nani ameruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Naunga mkono kila swali lake. Mtoto hawezi kujieleza, lazima awepo mtu wa kumkagulia. Kinachoniuma ni kwamba kituo kikikosa uzio kinaambiwa kifungwe, halafu watoto wanarudi kwa yule kaka wa darasa la pili, ambako hakuna anayekagua.

Nikupe hesabu yangu. Natoza shilingi 2,000 kwa siku. Watoto 20 wakija wote na wakalipa wote, ni 40,000. Walezi wawili nawapa 8,000 kila mmoja, uji, chakula cha mchana na gesi vinakula kama 15,000, pango la nyumba ukiligawa kwa siku za kazi ni karibu 6,000. Inabaki elfu tatu ya maji, sabuni, dawa ya choo na mimi mwenyewe. Wadau wananiambia nikachukue mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurudishwa 2024. Mkopo hauna riba, sawa, lakini marejesho nayatoa wapi kwenye elfu tatu? Kwa muuza vitenge unafaa. Kwa kituo cha watoto wa mama ntilie, njia pekee ya kuurejesha ni kupandisha ada, na ada ikipanda wale wenye shida zaidi ndio wanaoondoka kwanza.

Kinachotufaa ni eneo. Soko letu lina vizimba, vyoo vya kulipia, mizani, ofisi ya mkusanya ushuru. Akina mama wanalipa ushuru kila siku na watoto wao wamelala kwenye boksi chini ya meza, nzi wanawatambaa midomoni. Halmashauri ikitenga chumba kimoja pale pale chenye maji na choo kidogo, ikatupa sisi walezi tuendeshe chini ya usimamizi wake, ile 6,000 ya pango inakuwa watoto watatu wa bure kila siku. Na anayenyonyesha anatoka kizimbani, ananyonyesha, anarudi kwa wateja wake.

Cha pili ni mhudumu wa afya apangiwe ratiba ya kupita vituoni, nacho hakigharimu karibu chochote. Kuna mhudumu wa afya wa jamii aliwahi kupita kituoni na ule utepe wa kupima mkono, unaoonyesha kama mtoto ana utapiamlo. Mtoto mmoja ukasoma njano, yaani lishe yake si nzuri. Kwa macho yangu alikuwa mwembamba tu kama mama yake. Akaandikiwa kwenda zahanati, tukaanza kumwongezea karanga na yai kwenye mlo wake, na baada ya muda utepe ukasoma kijani. Mama yake alikuwa ameacha kliniki tangu chanjo ya miezi tisa kwa sababu kliniki ni asubuhi na biashara yake ni asubuhi. Watoto 20 mahali pamoja ni kazi ya saa moja kwa mhudumu, kuliko kuwatafuta nyumba kwa nyumba. Lakini alikuja kwa moyo wake, hakuna ratiba inayomleta.

Kwa hiyo mkuu, barabara zijengwe na madarasa yajengwe. Ila diwani akija na ramani ya soko jipya, au ukarabati wa la zamani, muulizeni chumba cha watoto kiko wapi kabla bajeti haijapitishwa. Soko likishajengwa utaambiwa nafasi imeisha, na vizimba vyote vina wenyewe.