Mmea ukikatwa jani hulia? Nilichokiona maabara

Ndugu aliyeuliza anataka kujua kama ni kweli wanasayansi wamegundua kwamba mimea hulia ikikatwa. Nilikuwa msaidizi kwenye maabara ya mimea kwa miaka miwili, na nusu ya jambo hilo nimeiona kwa macho yangu.

Tulitumia Arabidopsis, kimea kidogo cha ukoo wa haradali, kilichotiwa jeni ya protini inayong'aa yenye asili ya konyeza wa baharini. Kalsiamu ikiongezeka ndani ya seli, protini hiyo huwaka. Unaweka mmea gizani chini ya darubini, unakata jani moja kwa mkasi, unatulia. Kwanza penye jeraha panawaka. Halafu mwanga unatambaa kwenye mishipa ya jani, unapita kwenye kikonyo, unaingia majani mengine ambayo hukuyagusa kabisa. Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa sekunde, kwa hiyo unaufuata kwa jicho. Siku ya kwanza nilibaki nimeshika mkasi, sina la kusema.

Kundi la Masatsugu Toyota na Simon Gilroy ndilo lililoeleza wimbi hili mwaka 2018. Kinacholiwasha ni glutamati, kemikali ileile ambayo neva za ubongo wetu hupashana habari kwayo, na mmea hauna neva hata moja! Wimbi likifika, majani ya mbali huanza kutengeneza homoni ya kujihami, ili kiwavi akihamia huko akute yamejiandaa.

Habari ya sauti ni utafiti mwingine, wa mwaka 2023, wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv. Mnyanya au mtumbaku wenye kiu au uliokatwa ulitoa milio 30 hadi 50 kwa saa; usio na shida haukufikisha hata mmoja. Milio hiyo iko kwenye kilohezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 40 hadi 80, na sikio la mtu hukomea 20 hivi. Inaelekea chanzo chake ni viputo vya hewa vinavyopasuka ndani ya mirija ya maji. Ndiyo maana neno "kulia" silikubali: kulia kunahitaji anayelia, na hapa tunasikia mirija.

Kwangu uzito uko penye kiu. Milio iliongezeka kabla majani hayajaonyesha dalili ya kunyauka, na muda huo kabla ya kunyauka, mtu anayemwagilia anauhitaji mno.